Safari ya Kipupwe katika Bonde la Kilombero

Watu wengi wa nchi yetu wamekula mchele wa Kilombero, lakini walioiona nchi unakotoka si wengi. Jina lake twalisikia sokoni, muuzaji anapofungua gunia na kusifu harufu yake. Nasi twatia mchele kapuni, twalipa, twaenda zetu, wala hatuulizi zaidi. Katika mazungumzo haya tumekusudia kuwachukua wasikilizaji na wasomaji wetu mpaka huko, waione milima na mto, waonje chakula, na wajue desturi za wenyeji. Tena tumekusudia kueleza jambo moja ambalo mgeni asipolijua, ataitazama nchi nzima bila ya kuiona.

Wakati mzuri wa safari hii ni kipupwe, yaani mwezi wa sita na wa saba, masika yakiisha kupita. Njia zimekauka, jua si kali, mpunga unavunwa, na watoto wa shule wamo katika likizo yao. Mgeni akisimama wakati huo kando ya mbuga ya Kilombero ataona uwanda mpana wa majani, umekwenda mpaka macho yachoke, pasipo nyumba wala ua. Moyoni mwake atasema: "Nchi njema kama hii, na imekaa tupu!" Maneno hayo yamesemwa na wageni wengi, wa zamani na wa siku hizi, nayo si kweli. Ardhi ile si tupu. Ina mwenyewe, ila mwenyewe amesafiri. Mwenye ardhi ile ni maji, naye atarudi nyumbani kwake mvua zitakapokuja.

Kwa sababu hiyo twamshauri msafiri achukue swali moja, aliulize kila mahali atakapofika: "Mwezi wa nne, maji yalifika wapi?" Akipata jibu lake, atafahamu kwa nini nyumba imejengwa hapa na si pale, kwa nini reli imepita kule, na kwa nini samaki ni wengi katika mwezi huu na si mwezi ule.

NCHI ILIVYO

Bonde la Kilombero liko katika sehemu ya kusini ya mkoa wa Morogoro. Upande wa kaskazini na magharibi imesimama milima ya Udzungwa kama ukuta, na vilele vyake virefu vyapita meta 2,500. Upande wa kusini na mashariki iko milima ya Mahenge. Katikati ya milima hiyo pamelala bonde tambarare, ambalo urefu wake wapita kilometa 200. Mji wa Ifakara, ulio mkubwa kuliko miji yote ya bonde, uko chini ya meta 300 juu ya usawa wa bahari. Basi mtu aweza kulifananisha bonde hili na sinia lenye kingo ndefu: mvua inyeshayo juu ya kingo yote hutelemka siniani.

Mito iletayo maji ni mingi. Iko Mnyera na Ruhudji, iko Mpanga na Kihansi, tena iko midogo kama Lumemo, upitao karibu na Ifakara. Yote huungana na kuwa mto Kilombero. Katika ramani za zamani mto huu huitwa Ulanga, na jina hilo limebaki katika wilaya ya Ulanga, ambayo makao yake makuu ni Mahenge. Mwisho wa bonde Kilombero hukutana na mto Luwegu karibu na maporomoko ya Shuguli, na kutoka hapo maji huitwa Rufiji, yakaenda mpaka Bahari ya Hindi, mkabala wa kisiwa cha Mafia. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Kwa hiyo mvuvi wa kamba katika mikoko ya Rufiji na mkulima wa mpunga wa Ifakara ni majirani, ijapokuwa hawajaonana.

Sasa tutazame jinsi mafuriko yanavyotokea. Mvua huanza mwisho wa mwaka, nazo huwa nyingi sana mwezi wa tatu na wa nne. Maji hushuka milimani kwa haraka, lakini yakifika bondeni hukuta nchi sawa, isiyo na mtelemko wa kutosha. Hayawezi kutoka upesi kama yanavyoingia. Basi hupanda kingo, huingia katika mbuga, hutambaa polepole kati ya majani, mpaka nchi iliyokuwa malisho huwa ziwa. Mwezi wa nne huwa ndiyo kilele. Baada ya hapo maji hurudi kidogo kidogo, na kila yanapotoka huacha tope laini lililochukuliwa kutoka milimani. Tope hilo ndiyo mbolea ya bonde, nayo huletwa kila mwaka pasipo mtu kulipa nauli.

NJIA YA KUFIKA

Msafiri aweza kufika Ifakara kwa motokaa kutoka Mikumi, kupitia Kidatu, mwendo wa kilometa mia moja hivi. Au aweza kupanda gari la moshi la TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa Uchina, ipate kuunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi katika Zambia, kilometa 1,860. Twapenda zaidi njia ya reli, maana abiria hukaa dirishani akajifunza.

Karibu na Kidatu ataona mashamba makubwa ya miwa, ambayo hupelekwa katika kiwanda cha sukari kilichoanza kazi miaka ya mwanzo ya 1960. Baada ya hapo gari huingia bondeni na kupita Mang'ula, Ifakara, kisha Mlimba, ndipo huanza kupanda milima kwa madaraja na mahandaki mengi. Abiria aendaye Mlimba na atazame pande zote mbili. Kuume ni miguu ya milima ya Udzungwa. Kushoto ni bonde. Reli imejibana kwenye mguu wa mlima mwendo mrefu, hali uwanda wazi uko pale pale kando. Kwa nini walioijenga hawakukata katikati ya uwanda, mahali palipo sawa? Jibu ni lile swali letu. Waliangalia maji hufika wapi, wakaweka reli juu yake.

Vijiji vingi vimefuata reli hiyo, kwa kuwa kwenye vituo mtu aweza kuuza mpunga, ndizi na mbao. Lakini vijiji hivyo vimekaa katika ukanda mwembamba. Juu yao uko msitu wa Udzungwa, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, wenye eneo la kilometa za mraba 1,990 hivi. Chini yao iko mbuga ya maji. Watu wanaongezeka, na ukanda hauongezeki. Hili tutalirudia baadaye.

Msafiri mwenye miguu mizuri na ashuke Mang'ula, apande kuyaona maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake huanguka meta 170 hivi kwa ngazi tatu. Njiani ataona mbega wekundu, na pengine akibahatika atawasikia nyani wadogo wa Sanje, aina ambayo wataalamu hawakuijua mpaka mwaka 1979, nao hawapatikani popote duniani ila katika milima hii. Lakini asiwatazame wanyama tu. Na aweke mkono wake katika kijito, akumbuke ya kuwa ni mwezi wa saba na mvua imekwisha zamani. Maji hayo yatoka wapi? Yatoka katika udongo wa msitu, uliokunywa mvua ya masika kama sifongo, na sasa waitoa kidogo kidogo. Msitu ukikatwa, mvua yote itashuka siku moja, na mwezi wa saba kijito kitakuwa mawe matupu.

IFAKARA NA KUVUKA MTO

Ifakara ni mji wa miembe na baiskeli. Kwa kuwa nchi ni sawa, baiskeli huchukua kila kitu: magunia ya mpunga, matenga ya samaki, mikungu ya ndizi, na mama na mtoto wanaokwenda hospitali. Sokoni mgeni ataona mikeka, vyungu, samaki wakavu waliopangwa kwa mafungu, na mchele wa namna nyingi katika magunia yaliyofunguliwa midomo.

Kusini ya mji uko mto wenyewe. Zamani watu walivuka kwa mitumbwi, mpiga upondo akisimama nyuma. Kisha kikaja kivuko cha kuchukua motokaa, lakini mafuriko yalipozidi watu walingoja ng'ambo, wagonjwa pamoja nao. Mwezi wa kwanza mwaka 2016 kivuko kilizama mtoni. Mwaka 2018 lilifunguliwa daraja lenye urefu wa meta 384, liitwalo Daraja la Magufuli, na tangu hapo njia ya Lupiro, Mahenge na Malinyi ikawa wazi mwaka mzima. Mgeni wa mwezi wa saba akisimama juu ya daraja hilo aweza kuona nguzo nyingine zimesimama pakavu, akadhani mafundi walipoteza saruji bure. Na aulize swali letu.

Sisi tuliliuliza kwa mzee mmoja mvuvi, tuliyemkuta akifuma mgono wake kivulini karibu na mto. "Shikamoo, babu." "Marahaba, wanangu. Karibuni." Tukamwuliza, mwezi wa nne maji yalifika wapi? Hakujibu kwa mdomo. Alinyosha kidole kwenye kiambaza cha kibanda chake, mahali palipokuwa na mstari wa tope, usawa wa kifua cha mtu. Kisha akasema, "Mwaka huu hayakutaka kukaa sana." Alinena juu ya maji kama mtu anenavyo juu ya mgeni wa heshima aliyeondoka mapema, naye hakuonekana kufurahi kwa kuondoka huko.

MPUNGA

Lugha yetu imeupa mmea huu majina matatu: mpunga ukiwa shambani, mchele ukiisha kukobolewa, wali ukiisha kupikwa. Mtu wa Kilombero huyajua yote matatu kwa mikono yake.

Mvua za kwanza zikilainisha udongo, mwisho wa mwaka, watu hulima na kupanda. Wengi huhama kijijini wakaenda kukaa shambani, mbali, katika vibanda. Vibanda vingine hujengwa juu ya nguzo, navyo huitwa madungu, ili maji yakija yapite chini na wenyewe walale juu. Hapa ndipo akili ya wazee huonekana. Mpunga hauna budi kuota na kupata kimo kabla ya mafuriko, maana maji yakiukuta mdogo huufunika ukaoza. Lakini ukiwa mrefu, husimama majini bila ya kudhurika, kwa kuwa shina lake lina njia za hewa ndani mfano wa mabomba, nayo hupeleka pumzi mpaka mizizini. Magugu mengi hayana njia hizo, basi hufa. Hivyo maji humpalilia mkulima shamba lake. Akichelewa kupanda, hupoteza mpunga. Akiwahi mno, mvua ikasita, mbegu hukauka. Kazi yote ni kukisia safari ya maji.

Mpunga ukianza kuzaa, ndege huja kwa makundi. Watoto hukaa juu ya madungu tangu alfajiri wakipiga kelele na makopo na kutupa mawe kwa teo. Mwalimu wa bondeni hujua majira haya bila ya kutazama kalenda, kwa kuwa madawati huanza kuwa matupu. Twawaomba wazazi wagawane zamu ili mtoto asipoteze muhula mzima kwa ajili ya ndege.

Mavuno huanza mwezi wa tano na kuendelea katika kipupwe. Mpunga hukatwa, hupurwa, hupepetwa kwa upepo, hutiwa magunia. Mbegu ni nyingi, lakini ile iitwayo supa hupendwa kwa harufu. Katika Ifakara kiko kituo cha utafiti wa mpunga, na siku hizi wengi hupanda aina iitwayo SARO 5, izaayo zaidi. Hata hivyo akina mama wengi hukuambia ya kwamba chungu cha supa hujulikana kikiwa bado jikoni, wala haihitaji kufunuliwa.

SAMAKI

Watu wa pwani hudhani samaki wengi hupatikana bahari ikiwa shwari. Bondeni mambo ni mengine: samaki wa mwezi wa saba wametengenezwa na mafuriko ya mwezi wa nne. Maji yanapoenea mbugani, majani na samadi ya wanyama hulowa, na viumbe vidogo huzaliwa humo kwa wingi. Samaki hutoka mtoni wakafuata chakula hicho, wakataga mayai katika maji ya kina kifupi yenye joto, mahali ambapo samaki wakubwa walao wenzao hawafiki kwa urahisi. Vifaranga hukua upesi. Maji yanaporudi, wengine hurudi nayo mtoni, wengine hubaki katika mabwawa na vidimbwi. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo huweza kuishi katika tope, hata kutambaa penye majani mabichi akitafuta dimbwi jingine.

Ndipo wavuvi hushuka na migono, ndoana na nyavu. Hupata kambale, perege, kitoga na mbala. Samaki asiyeuzwa siku ile hubanikwa juu ya moshi mpaka akauke, apate kusafiri mbali. Wazee walikuwa wakiviacha vidimbwi vingine mpaka wakati wake, na nyavu zenye macho madogo sana ni haramu kwa sheria ya serikali. Maana yake ni moja: achukuaye kifaranga leo ameuza kambale wa kesho kwa bei ya dagaa.

KARIBU CHAKULA

Mgeni akifika nyumbani wakati wa chakula huambiwa karibu, wala si vema kukataa bila ya kuonja. Huletewa maji ya kunawa, akaketi mkekani. Chakula cha heshima ni wali kwa samaki. Mchele huchaguliwa mawe, hupepetwa, huoshwa; maji yakikauka chunguni, mpishi hufunika na kupalia makaa juu ya kifuniko, moto uwe chini na juu, ili punje zisimame mojamoja. Samaki mbichi hupikwa kwa nyanya na kitunguu. Mkavu hulowekwa kwanza, kisha huungwa kwa karanga au kwa tui. Siku nyingine huliwa ugali kwa kisamvu, matembele, mlenda au majani ya maboga. Wali ukiisha, watoto hugombea ukoko ulioshika chungu, na mama hujifanya haoni. Kinywaji cha wote ni togwa, hasa kwa mtu atokaye shambani.

WENYEJI

Wandamba wamejulikana tangu zamani kuwa watu wa mto, wavuvi na wapiga mitumbwi. Wapogoro wako zaidi upande wa Mahenge na Ulanga. Wambunga walikuja katika karne ya kumi na tisa, wakakaa upande wa Ifakara. Wabena wa bondeni, tofauti na ndugu zao wa nyanda za juu, wameandikiwa kitabu kilichochapishwa mwaka 1935, nacho chawaita Wabena wa Mito. Wako pia Wahehe, Wangindo na wengine, na kwa miaka iliyopita wamekuja Wasukuma na wafugaji wengine na ng'ombe wao. Lugha za nyumbani ni nyingi, lakini sokoni na shuleni Kiswahili ndicho mtumbwi wa kuwavusha wote.

Nchi hii imepata misiba yake. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipowaka, Wambunga na Wapogoro walisimama kuwapiga Wajerumani, wakaishambulia boma ya Mahenge. Vita vilipokoma mwaka 1907, njaa iliua watu wengi kuliko risasi, maana mashamba na maghala yalichomwa.

Kipupwe ni wakati wa furaha, kwa sababu ghala zina chakula. Arusi hufanywa, jamaa hutembeleana, na ngoma huchezwa, kama sangula ya Wapogoro, ambayo mchezaji wake huhitaji mabega na nyonga zisizojua uchovu. Mgeni asiende kupiga picha kabla ya kuomba ruhusa kwa wenyewe.

MAJI NA MBU

Hatutasema ya kwamba maji huleta mema tu. Maji yaletayo mchele huleta na mbu wa malaria. Mwaka 1957 Waswisi walianzisha maabara Ifakara, ambayo leo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana duniani. Katika miaka ya 1990 vyandarua vilivyotiwa dawa vilienezwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2001 ilionyesha ya kwamba kwa watoto wadogo waliovitumia, kunusurika kulizidi kwa asilimia 27. Basi familia ihamiayo dunguni isiache chandarua kijijini. Kule shambani, karibu na maji, ndiko kinakotakiwa zaidi.

JAMBO LILILO HATARINI

Sasa tumefika kwenye kiini cha mazungumzo haya. Mwaka 2002 bonde la Kilombero, eneo la karibu kilometa za mraba 8,000, liliandikwa katika mkataba wa dunia wa kulinda ardhi za maji, uitwao Ramsar. Wakati ule ilikadiriwa ya kwamba katika swala wote waitwao sheshe waliosalia duniani, robo tatu walikuwa hapa. Sheshe huishi ukingoni mwa maji: mafuriko yakipanda hurudi nyuma, yakishuka huyafuata na kula majani machanga. Yuko pia ndege aina ya mnana aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1990, asiyepatikana nchi nyingine.

Tangu hapo sheshe wamepungua sana. Mashamba yamesogea mpaka kando ya mto, mifugo imeongezeka, na vichaka vya kingo vimekatwa. Mwisho wa mwaka 2012 serikali ilifanya operesheni ya kuondoa mifugo mbugani, na mwaka 2023 sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa Pori la Akiba. Mambo haya yamewaumiza watu wengine, na maneno hayajakwisha. Sisi hatusemi mfugaji ni mbaya au mkulima ni mbaya. Kila mmoja anatafuta chakula cha watoto wake. Lakini wote wawili waliitazama mbuga ya mwezi wa saba, wakaona nafasi tupu. Na kila aliyejaza nafasi hiyo amemziba njia mwenye nyumba. Maji yasipopata pa kuenea, samaki hawana pa kuzalia, tope halina pa kutua, na mafuriko hukimbilia mahali pengine, pengine katika vitanda vya watu.

Na maji yenyewe yanatakiwa na wengi. Mfano mmoja ni mto Kihansi. Penye maporomoko yake waligunduliwa mwaka 1996 vyura wadogo wa rangi ya manjano, walioishi katika manyunyu tu. Mwaka 2000 maji mengi yalipelekwa katika mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua. Kisha ukaja na ugonjwa, na mwaka 2009 ilitangazwa ya kwamba vyura hao hawapo tena porini. Wengine waliokuwa wametunzwa Marekani walirudishwa, na mwaka 2012 wakaanza kuachiliwa kwao tena, chini ya manyunyu yanayotengenezwa kwa mabomba. Umeme ni kitu chema, twautumia sote. Lakini mfano huu watufundisha ya kwamba kurudisha ni ghali kuliko kutunza. Na sasa katika Rufiji liko Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa mwezi wa kumi na mbili mwaka 2022, lenye mitambo ya megawati 2,115. Taa za mijini, basi, zategemea vijito vya Udzungwa kama ule tuliotia mkono.

Mtu wa kijijini afanye nini? Kwanza, ashike sheria ya mazingira ya mwaka 2004, ikatazayo kazi za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Pili, katika mkutano wa kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi unapoandikwa, adai ya kwamba mahali pa maji paandikwe jina lake, kama panavyoandikwa mahali pa shule na pa makaburi. Pasipoandikwa, mwezi wa saba atatokea mtu aseme ni patupu.

Tatu ni kazi ya wanafunzi, nayo haitaki fedha. Simamisheni nguzo ya mti mgumu katika kiwanja cha shule kilicho karibu na mbuga, mwitie alama kwa kila sentimeta kumi. Kila mwaka maji yanapofika juu kabisa, andikeni kitabuni tarehe na kipimo, na siku yalipoondoka. Andikeni pia bei ya debe la mpunga na ya fungu la samaki katika mavuno yafuatayo. Mwaka wa kwanza itakuwa tarakimu tupu. Baada ya miaka kumi, kijiji chenu kitakuwa na shahidi asiyesahau wala kuhongwa, na afisa yeyote akija na ramani yake kutafuta nchi tupu, mwekeeni kitabu hicho mezani, asome mwenyewe maji yalifika wapi.